Breki ni Kabla ya Kona

Ukitoka Feri, jijini Dar es Salaam, na baiskeli, popote uelekeapo unapanda, kwa sababu chini ya hapo kuna bahari tu. Ila kupanda kwenyewe hukusikii. Kivukoni hadi Posta ya Zamani, Posta hadi Mnazi Mmoja, na Kariakoo nzima mtaa kwa mtaa, hakuna mahali ambapo baiskeli itakutoroka. Ndiyo sababu waendesha baiskeli wengi wa katikati ya jiji wana miguu imara na mikono isiyojua kitu. Breki kwao ni ya kukwepea guta lililokatisha ghafla Mtaa wa Msimbazi, na ikigoma, mguu unashuka chini, maneno mawili matatu yanarushwa, basi. Halafu siku moja mtu huyohuyo anapata baiskeli ya mbio ya mtumba, anajiunga na wenzake wa Jumapili alfajiri, wanapanda Pugu hadi Kisarawe, wanakunywa chai, wanageuza. Kwenye kurudi ndipo anapokutana na kilomita 50 kwa saa juu ya tairi lenye upana wa milimita 25.

Mwongozo huu ni wake. Na kabla ya mambo ya mikono na viungo, ashike hili moja: mteremkoni breki ni ya kupanga, si ya kujiokoa. Kasi unayotaka kuingia nayo kwenye kona, kwenye tuta au kwenye kijiji unaichagua ukiwa bado kwenye lami iliyonyooka. Ukisubiri hadi hofu ikushike, umechelewa, na kila kosa linalofuata ni mtoto wa kuchelewa huko.

Darasa la pantoni

Somo la kwanza halihitaji mlima. Nenda pale watu wanapoteremka kuingia kwenye pantoni ya Kigamboni. Hapo baiskeli inasukumwa, haipandwi, na hivyo ndivyo inavyotakiwa katika umati ule. Ukiwa unateremka nayo kwa miguu, bana breki ya nyuma peke yake. Gurudumu la nyuma litajifunga, lakini baiskeli itaendelea kuserereka ikikuvuta. Achia, bana ya mbele. Baiskeli inasimama papo hapo, na ukiibana kwa nguvu mkia wake unanyanyuka. Kila kitu unachohitaji kujua kuhusu breki kimo katika majaribio hayo mawili. Unapopunguza mwendo uzito wote hukimbilia mbele; gurudumu la mbele linakandamizwa barabarani na kupata mshiko, la nyuma linabaki jepesi, halina cha kushikilia. Breki ya mbele ndiyo inayosimamisha. Ya nyuma ni msaidizi.

Sasa subiri ufike kwenye bamba la chuma la pantoni lenyewe, lililolowa maji ya chumvi, ujaribu breki ya mbele tena, bado ukiwa unatembea. Gurudumu linateleza kando bila taarifa. Hilo ni somo la pili: breki ya mbele ina nguvu kadiri ardhi iliyo chini yake inavyoshika. Chuma kilicholowa, mistari myeupe ya kivuko cha waenda kwa miguu, mfuniko wa chemba, mchanga, na ile michirizi ya maji ya samaki na barafu inayodondoka kwenye matenga kutoka sokoni, kote huko mikono inalegea na baiskeli inasimama wima. Unapunguza mwendo kabla ya kufika hapo, unavuka bila kugusa breki na bila kulala upande, kisha unaendelea na kazi yako. Mchuuzi wa samaki anayetoka Feri na tenga lililojaa hafundishwi jambo hili na mtu. Mtazame anavyopita.

Wapo wanaoiogopa breki ya mbele kwa sababu waliwahi kumwona mtu akirushwa juu ya usukani. Wanatumia ya nyuma tu. Acha hesabu iseme. Kwenye lami kavu na tambarare, ukiwa na kilomita 30 kwa saa, breki zote mbili zikishikwa vizuri zitakusimamisha ndani ya mita 7 hivi. Ya nyuma peke yake inahitaji kama mita 14. Kwa kilomita 50 kwa saa ni mita 20 dhidi ya 39. Mpaka hapo bado unaweza kubishana. Lakini weka kasi hiyohiyo ya 50 kwenye mteremko unaoshuka mita 8 kwa kila mita 100: breki zote mbili, mita 23, ya nyuma peke yake, karibu mita 58. Na hapo sijahesabu mita 14 ulizokwenda katika sekunde moja ya kushtuka kabla vidole havijasogea. Anayetegemea breki ya nyuma mlimani ana baiskeli isiyo na breki, ila hajajua tu.

Kilichomrusha yule mtu juu ya usukani si breki ya mbele. Ni kuibana kwa mpigo mmoja huku mikono imelegea na makalio yako mbele. Breki ya mbele hukamuliwa: unaanza kwa mguso, uzito unahamia mbele, tairi linakaa, ndipo unaongeza. Robo tatu ya sekunde inatosha kwa kazi hiyo. Wakati huohuo unasukuma makalio nyuma ya kiti na kukaza mikono, ili mwili usitangulie baiskeli. Gurudumu la nyuma likianza kuserereka, ni ishara kwamba umefika ukingoni: legeza kidogo ya mbele, na ya nyuma pia.

Mkono upi?

Swali hili linaonekana la kitoto, lakini huku kwetu ni la kufa na kupona, kwa sababu baiskeli zetu zimetoka pande zote za dunia. Zilizoundwa kwa ajili ya Uingereza na Japani kwa kawaida huwa na breki ya mbele mkono wa kulia. Zilizotoka Uholanzi, Ujerumani, Ufaransa au Marekani huwa nayo mkono wa kushoto, na baadhi ya zile za Kiholanzi breki ya nyuma haina mkono kabisa. Unaibana kwa kurudisha pedeli kinyumenyume. Na kontena likishashushwa Kariakoo, fundi naye hufunga waya apendavyo. Ukiazima baiskeli ya mwenzako, au ukichukua yako kutoka kwa fundi, ijaribu kwa kuisukuma kabla ya kuipanda. Kama ni yako, chagua mkono mmoja, umwambie fundi, usibadilishe tena maisha yako yote. Mimi naona mkono wa kulia unafaa zaidi kwa mwenye nguvu upande huo, ila mazoea ni muhimu kuliko upande.

Ukiwa kwa fundi, usiondoke mapema. Hewa ya bahari inakula waya wa breki kutoka ndani ya ganda lake, mahali usipopaona. Bana mkono wa breki kisha uachie taratibu: kama haurudi wenyewe haraka, waya umeshika kutu, na wenye kutu siku moja hukatika, tena hukatika unapobanwa kwa nguvu, yaani siku unapouhitaji. Bei ya waya mpya ni ndogo kiasi kwamba sioni sababu ya kuujadili. Raba za breki za mtumba mara nyingi zimekaa miaka mingi nje ya nyumba ya mtu Ulaya. Zimekauka zikawa ngumu, zinang'aa, zinapiga kelele na hazishiki. Zisugue kwa msasa uone. Zikibaki vilevile, nunua nyingine. Chomoa kwa ncha ya kisu vipande vya mchanga na chembe za chuma vilivyozama kwenye raba, vinginevyo vitakula ringi. Raba ikamate ringi katikati: ikigusa tairi italitoboa, ikishuka chini sana itakwenda kwenye spoki.

Kama ringi zako ni za chuma cha kung'aa, za zamani, elewa kwamba zikilowa breki zake hazina maana. Ringi za alumini zina nafuu, ingawa nazo mizunguko ya kwanza kwenye mvua ni ya kufuta maji tu. Mshiko unakuja baadaye. Kwa hiyo wakati wa masika, kabla hujafika unapotaka kupunguza mwendo, zigusishe raba kwa wepesi kwanza zifute, kisha ndipo ukamue. Wenye breki za diski wanasamehewa aya hii, ila wasijisahau: diski haiongezi mshiko wa tairi.

Tairi nalo lina maneno yake. Mafundi wengi hujaza upepo hadi lisibonyee hata kwa kidole gumba, na mwenye baiskeli anafurahi kwa sababu inaonekana nyepesi. Kwenye lami yetu yenye kokoto, tairi gumu hivyo hudundadunda, na likiwa hewani halishiki chochote. Mtu wa kilo 70 anatosheka na paundi 80 hadi 90 kwa tairi la milimita 25, na 65 hadi 75 kwa la 28. Kama fremu yako inapokea la 28, weka la 28. Na tairi lenye nyufa ubavuni, hata kama kashata zake bado zinaonekana mpya, libaki la kwendea sokoni.

Jambo la mwisho kwa fundi ni usukani. Bana breki ya mbele, sukuma baiskeli mbele na nyuma. Ukisikia mgongano kwenye shingo ya fremu, goroli zimelegea, na ulegevu huo mteremkoni huwa mtikisiko.

Namna ya kukaa

Ukianza kushuka, mikono ishuke nayo. Shika chini, kwenye pembe za usukani, vidole viwili vikiwa tayari juu ya mkono wa breki. Wengi hukwepa kushika hapo kwa sababu wanajiona wameinama mno. Lakini ukishika juu, vidole vinavuta breki kutoka upande wenye nguvu ndogo, na shimo moja tu linatosha kukuchomoa mikono. Ukishika chini, uzito unashuka, vidole vinapata nguvu, na kiganja kimefungwa kwenye pembe hakitoki. Viwiko vilegee. Pedeli ziwe sambamba na ardhi, makalio yakigusa kiti kwa mbali tu, ili magoti na viwiko vimeze mtikisiko badala ya mgongo. Macho yasiwe kwenye tairi la mbele. Kwa kilomita 50 kwa saa unakula mita 14 kila sekunde. Unachokiona mita 10 mbele tayari kimeshapita. Tazama mbali kadiri barabara inavyokuruhusu, na shimo la karibu liache lionekane kwa pembeni ya jicho.

Halafu kuna breki ya tatu ambayo haichakai na hainunuliwi Kariakoo: kifua chako. Upinzani wa hewa huongezeka mara nne kasi inapoongezeka maradufu. Ukijikunja, hewa inakupitia. Ukiinuka na kutanua mabega na magoti, kifua kinakuwa tanga lililokamata upepo wa mbele, na unahisi baiskeli ikitulia kabla hujagusa breki. Kwenye mteremko mrefu ulionyooka, anza kwa kuinuka, breki zifuate.

Nikisema kujikunja, huenda picha za runinga zimekujia kichwani. Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1985 na kupewa mafunzo ya mwanzo na David Kinjah kule Kikuyu, tarehe 9 Julai 2016 alichomoka juu ya mlima Peyresourde katika Tour de France, akaketi juu ya bomba la fremu badala ya kiti, akiinamia usukani na kuendelea kukanyaga, akashinda siku hiyo kwa kushuka tu. Picha ile ilizaa waigaji dunia nzima. Kuanzia tarehe 1 Aprili 2021 shirikisho la mchezo huo, UCI, lilipiga marufuku mkao huo kwenye mashindano, kwa sababu mtu aliyekaa hivyo hana namna ya kukwepa chochote. Na Froome huyohuyo, Juni 2019, akiwa anaikagua njia ya mashindano Ufaransa kwa zaidi ya kilomita 50 kwa saa, alitoa mkono mmoja kwenye usukani ili apenge kamasi. Upepo ukapiga gurudumu la mbele, akajibamiza ukutani, akavunjika paja, kiwiko na mbavu. Bingwa mara nne wa Tour de France, barabara kavu, mkono mmoja. Kwa hiyo mteremkoni hunywi maji, hufuti jasho, huonyeshi shimo kwa kidole. Ukitaka kumwambia wa nyuma yako kuna shimo, piga kelele: shimo!

Upepo wa ubavuni unaweza kuuzoea hapahapa mjini, juu ya Daraja la Tanzanite, ambalo limekaa wazi kabisa mbele ya bahari. Pita mchana, wakati upepo wa baharini umeshika kasi, uone unavyolisukuma gurudumu la mbele. Dawa yake ni kulegeza viwiko na kuacha baiskeli iyumbe kidogo chini yako. Kuukaza usukani kunazidisha.

Kona

Tairi lina akiba moja tu ya mshiko. Ukiitumia yote kwenye breki, haibaki ya kugeuzia. Ukiitumia yote kugeuza, haibaki ya breki. Hiyo ndiyo sababu breki ni kabla ya kona. Kwenye lami iliyonyooka unakamua hadi kasi inakuwa ile ambayo ungeiona ndogo kidogo kuliko inayotakiwa, kisha unaachia, ndipo unalala. Kasi ndogo mwanzoni inarekebishika kwa kukanyaga ukitoka. Kasi kubwa mwanzoni haina marekebisho.

Pedeli ya nje ishuke hadi chini, na uikanyage kwa uzito hasa, kana kwamba unataka kusimama juu yake. Pedeli ya ndani iliyobaki chini itagonga lami na kukunyanyua. Baiskeli haigeuzwi kwa kuzungusha usukani. Kona ikiwa ya kushoto, sukuma mkono wa kushoto mbele kidogo, nayo italala kushoto yenyewe. Jaribu hili kwa mwendo wa wastani kwenye barabara tupu, ndipo utaamini. Macho yatazame unakotaka kutokea. Ukitazama mtaro, utauingia. Sijui kwa nini mwili umeumbwa hivyo, lakini umeumbwa hivyo.

Vitabu vya Ulaya vitakwambia uanze kona kwa nje, ukate ndani, utokee nje. Ni kweli kwenye mashindano ambapo barabara imefungwa. Huku kwetu una nusu ya barabara tu, ile ya kushoto, na hata hiyo si yako yote. Kwenye kona ya kulia kukata ndani maana yake ni kwenda kukutana na Fuso uso kwa uso, dereva wake naye akiwa anakata kona yake. Baki upande wako wa mstari, tena acha mita moja zaidi. Kwenye kona ya kushoto hatari iko ndani: mvua imekusanya mchanga pale, na kingo ya lami imemegwa na magari yanayoegesha. Huko usisogee hadi ukingoni. Pita katikati ya nusu yako, mahali matairi ya magari yamefagia.

Na kama umeingia kwa kasi mno? Usibane breki ya mbele ukiwa umelala. Kuna njia mbili. Kama mbele kuna nafasi, isimamishe baiskeli wima, kamua breki zote mbili kwa nguvu kwa mstari ulionyooka, kisha lala upya. Kama nafasi hakuna, achia breki, tazama kona inakoishia, kanyaga pedeli ya nje na ulale zaidi. Wanaoanguka katika hali hii wengi wao tairi lao lilikuwa bado lina uwezo. Kilichokwisha ni moyo, wakabana breki.

Usukani ukianza kutikisika wenyewe kwenye kasi kubwa, jambo linalotisha kuliko yote, silika itakwambia uukabe. Fanya kinyume: bana bomba la juu la fremu kwa magoti yote mawili, nyanyua makalio kidogo, legeza mikono, kisha punguza mwendo polepole kwa breki ya nyuma. Mtikisiko hufa ndani ya sekunde chache.

Wapi pa kujifunzia

Daraja la Nyerere pale Kurasini, lililofunguliwa Aprili 2016, lina mwinuko mdogo wa kupanda na kushuka. Alfajiri linatosha kuzoea kushika chini na kukamua breki ya mbele. Bonde la Jangwani, ukishuka kutoka Magomeni Mapipa, ni fupi, lakini baada ya mafuriko ya Msimbazi hubaki na tope na mchanga barabarani, kwa hiyo ni darasa la kusoma lami zaidi kuliko kasi. Barabara ya Morogoro kutoka Kimara kushuka Ubungo ndiyo mteremko wa kwanza wenye adabu ndani ya jiji. Ipite mapema sana Jumapili, kabla daladala na bodaboda hazijaamka. Njia ya mwendokasi ni tupu, laini, na inavutia, usiingie humo. Basi lile haliwezi kukukwepa, kwa kuwa halina pa kukwepea.

Kisha Pugu. Kutoka Feri unafuata Barabara ya Nyerere, unapita uwanja wa ndege na Gongo la Mboto, unapanda kuelekea Pugu na msitu wake, unafika Kisarawe. Unapopanda, ndio wakati wa kusoma mteremko: shimo liko wapi, kona gani ina mchanga, tuta liko kabla au baada ya shule. Usishuke barabara ambayo hujaipanda siku hiyohiyo. Mvua ya usiku mmoja inabadilisha kila kitu.

Matuta yanastahili neno lake. Barabara zetu huweka tuta palepale mteremko unapoishia, penye nyumba na watu, na mara nyingine rangi yake imeshafutika. Kabla yake kwa kawaida kuna rasta, ile mistari iliyoinuka inayotikisa meno. Chukulia rasta kuwa onyo la mwisho: breki zianze kabla ya kuigusa, kwa sababu ukiwa juu yake tairi linadunda na halishiki. Fika kwenye tuta ukiwa umeshaachia breki zote, simama kwenye pedeli, viwiko na magoti vimekunjwa, baiskeli ipande na kushuka chini yako. Anayegonga tuta huku amebana breki ya mbele ndiye anayerushwa.

Kwenye njia ya Pugu utawakuta wabeba mkaa wanaoleta magunia mjini kwa baiskeli nzito za chuma. Mtu mwenye magunia matatu nyuma yake mteremkoni hawezi kubadili mawazo. Akishachagua mstari wake, huo ndio mstari. Mpigie kengele mapema na umpe nafasi ya gari zima. Mkiwa kundi, vunjeni kundi juu kabisa kabla ya kushuka: mita 20 kati ya mtu na mtu, hakuna kufuatana tairi kwa tairi, mnakutana chini. Anayeshuka taratibu aachwe ashuke taratibu. Na kofia ngumu ivaliwe na kufungwa kidevuni, isiwe na ufa. Haitoi hakikisho la lolote. Suleiman Kangangi wa Kenya, nahodha wa Team Amani na mwendeshaji mzoefu kuliko wengi wetu tutakavyowahi kuwa, alianguka katika mbio za Vermont Overland kule Marekani tarehe 27 Agosti 2022 na hakuamka. Lakini bila kofia hata kuanguka pale Kimara kunaweza kutosha kukuua.

Milima mirefu

Ukizoea Pugu utaanza kuota Lushoto. Ni haki yako. Kutoka Lushoto kushuka Soni hadi Mombo ni zaidi ya kilomita 30 za kona zilizobana, ukishuka karibu mita 1,000, korongo likiwa kando yako. Hapo kuna tatizo ambalo jiji haliwezi kukufundisha: joto. Mtu na baiskeli yake wakiwa kilo 85, nishati inayoachiwa kwa kushuka mita 1,000 inaweza kuchemsha zaidi ya lita mbili na nusu za maji ya bomba. Nishati hiyo lazima iende mahali. Ukishuka kwa kasi ya kutosha kwenye sehemu zilizonyooka, nyingi inachukuliwa na hewa. Ukishuka kwa woga, ukiburuza breki kwa wepesi mwanzo hadi mwisho, yote inaingia kwenye ringi, na ringi ikichemka sana tyubu hupasuka. Mwoga ndiye anayechemsha breki. Kwa hiyo kamua kwa nguvu kwa muda mfupi kabla ya kona, kisha achia kabisa, ringi ipigwe na upepo hadi kona inayofuata. Simama Soni. Sogeza kidole karibu na ringi bila kuigusa. Ukihisi joto kwa mbali, nunua matunda, kaa, subiri. Vidole navyo vitakuwa vimechoka, na vidole vilivyochoka ni breki mbovu. Ringi za kaboni zenye breki za raba usizipeleke huko.

Kitonga ni habari nyingine. Wenye safari za mbali huulizia ule mteremko wa kutoka upande wa Iringa kuja Dar es Salaam kwa sababu ni mkali na una mandhari. Lakini hiyo ndiyo barabara kuu ya kwenda Zambia, na malori ya mizigo yanashuka humo breki zikinuka, mengine yakiharibika katikati ya kona na yaliyo nyuma yakitafuta pa kupitia, kwenye njia isiyo na ukingo wa kumtosha mtu wa baiskeli. Ujuzi wote ulioelezwa hapo juu unahusu breki zako wewe. Pale Kitonga maisha yako yanategemea breki za mtu mwingine. Pakia baiskeli kwenye basi Ilula, ushuke Ruaha Mbuyuni, uendelee na safari.